Mgeni Uliyenitumia, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nimekaa kwenye kochi la mteja hapa karakana, maana nyumbani hakuna tena pa kuegemeza kalamu. Kila penye nafasi pana nepi inayokauka. Kabla ya yote niambie goti lako linasemaje. Mara ya mwisho ulisema limekuwa kama mlango mbovu, halifunguki mpaka lisihiwe. Nakuomba usilifanyie ukaidi. Na kikohozi cha baba mdogo kimepoa? Mwenye nyumba amerekebisha bomba, au bado anawalisha ahadi? Nijibu yote, hata madogo, kwa sababu ukiniambia "huku salama" peke yake mimi hubaki kukisia.

Sisi ni wazima. Mkweo amepata kazi ya kupaka rangi jengo la ghorofa, na kila jioni anarudi na kichwa cha rangi mpya. Juzi aliingia na mvi za kijani, mtoto akamkimbia. Huyo mtoto, yaani mumeo, hajambo kabisa. Ameanza chekechea. Siku ya kwanza hakulia yeye, nililia mimi, akanipigapiga begani akaniambia nisiogope, mwalimu haumi. Anasema ukija atakuonyesha anavyoandika herufi, ila ukija mikono mitupu bila biskuti, talaka yako iko mezani.

Utashangaa kuona barua wakati simu unayo na huwa tunaongea kila wiki. Sababu ni kwamba kwenye simu ukinyamaza kidogo tu, mimi hubadilisha maneno. Karatasi hainyamazi wala hainitazami. Nakuomba ukae chini, uvae miwani, uisome mwenyewe mpaka mwisho. Usimwite mtu akusomee, hata baba mdogo.

Nianze na Kitinda, maana kila ukimuuliza nakujibu kwa mkato. Ulinipigia ukaniambia mtoto wa mwisho wa jirani yako muuza maziwa ana mimba, na bado anakunywa methadoni ya kliniki, ile dawa wanayopewa walioacha unga. Ukasema mama yake hapati usingizi, amesikia mitaani kwamba dawa ile inaharibu mtoto tumboni. Nawe ukamtuliza, ukamwambia amlete kwangu, kwa kuwa mwanao aliacha unga, akaacha na hizo dawa zao, kwa nguvu zake mwenyewe, na Mungu akampa mtoto mzima kama chungwa. Nilikujibu kwamba aje tu. Ndivyo nilivyojibu, na simu ilipokatika nilibaki nimeishika sikioni.

Akashuka kwenye basi na begi moja na tumbo lililoanza kumtangulia. Kitinda yuleyule, Mama, mdomo hauna breki. Kabla hatujatoka kituoni alikuwa amekwisha nihadithia habari za abiria wote wa basi, nani anakoroma na nani amemkimbia mkewe. Dawa alikuwa amekwisha iacha kwao, hata kabla ya kukata tiketi, ili afike kwangu akiwa ameanza somo. Tulipofika nyumbani aliweka begi chini, akakaa kwenye kigoda kama mwanafunzi, akasema, "Dada, mimi sikuja kutembea. Nimekuja kujifunza. Niambie tu, wewe siku ya kwanza ulifanyaje?"

Nikamwambia alale kwanza, safari huchosha.

Kesho yake alianza kupiga miayo, mmoja juu ya mwingine, machozi yanamtoka bila kilio. Pua ikawa bomba la mwenye nyumba wenu. Vinyweleo vilimsimama kama mtu wa baridi, huku jasho likimlowesha mgongo. Nilidhani ni uchovu wa safari umekutana na mimba. Nilimchemshia chai ya tangawizi. Asubuhi nyingine nilitoka kwenda kununua mkate, na niliporudi nikamkuta sakafuni bafuni amekumbatia ndoo. Mdomo ule usio na breki ulikuwa umefungika. Aliniambia jambo moja tu, kwamba mtoto tumboni hajatulia hata kidogo, anahangaika kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Hakutaka kubaki peke yake, akanifuata karakana. Tulikuwa na makochi ya ofisi fulani, ngozi imechanika, na kazi ya kung'oa misumari ya zamani huwa ni ya yeyote asiye fundi. Akapewa koleo. Aling'oa msumari mmoja, wa pili akaushika tu. Nilipomgeukia alikuwa amejikunja juu ya lundo la sponji, mkono tumboni. Nililigusa tumbo lenyewe. Lilikuwa gumu kama ubao, likalegea, likakaza tena. Mzee wetu mwenye karakana, ambaye unamjua kwa uchache wa maneno, aliweka nyundo chini akasema, "Huyu atazaa kwenye kochi la mtu, na wakati wake bado. Mpakieni." Tukamlaza nyuma ya pikapu ya kupelekea makochi, juu ya sponji, mzee akashika usukani.

Tukafika kliniki ya methadoni. Namna tulivyofika nitaieleza baadaye.

Muuguzi mkuu wa pale ni mama wa makamo, miwani inamning'inia kifuani kwa kamba. Hakupiga kelele. Alimpima presha, akamshika tumbo, akamuuliza dawa aliiacha lini na ni nani aliyemwambia aiache. Kitinda akasema ni mama yake, na mama wa huyu dada. Muuguzi akanitazama mimi, si yeye. Kisha akavuta kiti, akamwambia maneno ambayo nimeyakariri, nawe nataka uyasikie kama alivyoyasema.

"Mwanangu, ukipata arosto, haya maumivu ya kukosa dawa, na yeye anaipata. Tofauti yenu ni kwamba wewe unaweza kulia. Tumbo likijikaza hivi linaweza kumtoa kabla ya wakati, au limtoe hana uhai. Kwa mjamzito hatuogopi methadoni inayopimwa na kunywewa kwa mpango. Tunaogopa kuachwa kwake ghafla. Na ninachokiogopa zaidi ni wewe kushindwa kuvumilia, urudi kwenye unga. Mwili ukikaa siku kadhaa bila dawa husahau. Kiasi ulichokuwa umekizoea kitakuzima."

Kitinda akamuuliza kama ni kweli dawa ile haina ubaya wowote, maana huko nyumbani watu wanasema kila kitu. Muuguzi hakumrembea. Alisema ni dawa kali na ndiyo maana wanaigawa dirishani na kusubiri mtu ameze mbele yao. Mtoto mdogo akionja ya mtu mzima anaweza kufa, na mtu mzima akiichanganya na pombe au vidonge vya usingizi anaweza kulala asiamke. Humtoa mtu jasho, humfunga choo, wengine huwasinzisha. Na mtoto akizaliwa anaweza kutetemeka siku za kwanza, kwa sababu dawa aliyokuwa akiipata kwa mama imekatika. Hilo wanalijua na wanalitibu, na hupita. Akasema, "Nikikwambia haina neno lolote nitakuwa nakudanganya. Nakwambia njia hii ina taa, na hiyo uliyokuja nayo haina."

Daktari akaja, wakasikiliza moyo wa mtoto kwa kile kifaa chao. Mama, ule mlio! Kama farasi mdogo anayekimbia kwenye mchanga. Kitinda alishika mkono wa daktari akakataa kifaa kisiondolewe. Wakampa dawa, lakini si kipimo chake cha zamani. Walianza na kidogo kwa sababu ya zile siku alizoruka, halafu wakakipandisha polepole. Usiku huo alilazwa wodi ya wazazi ya hospitali iliyopakana nao. Tumbo likalegea. Nilipokwenda kumwona alikuwa amerudiwa na mdomo wake, anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu abiria anayekoroma.

Miezi ikaenda. Tumbo lilipokuwa kubwa sana dawa ikawa haimfikishi jioni, wakamwongezea. Hilo lilimtisha. Alidhani anarudishwa nyuma. Muuguzi akamwambia mwili wa mwenye mimba hutumia dawa haraka zaidi, kwa hiyo wanamwongezea ili afike jioni bila kuumwa. Akaelewa, au akakubali bila kuelewa, sijui. Alikuwa anakwenda kila asubuhi bila kukosa.

Amezaa msichana. Hilo ulikwisha lisikia, lakini hukusikia zaidi. Alizaliwa na uzito mzuri na kelele za kutosha. Siku ya pili akaanza kutetemeka kidevu na mikono, anapiga chafya mfululizo, analia kilio chembamba kinachokata roho. Wakawahamishia chumba chenye mwanga mdogo, kisicho na watu wa kuingia na kutoka. Kitinda akaambiwa amweke kifuani ngozi kwa ngozi, amnyonyeshe kila anapotaka, maana maziwa yenyewe humtuliza. Wauguzi walikuja kumtazama kila mara, wanaandika. Kulipozidi walimpa matone kidogo ya dawa, kisha wakayapunguza mpaka yakaisha. Kuna mama mmoja chumba cha jirani aliyesikia sababu akavuta mwanawe upande wa pili, kana kwamba kutetemeka huambukiza. Kitinda alimwona, akainamisha kichwa, akaendelea kunyonyesha.

Leo mtoto yuko nyumbani kwangu, mashavu yamemjaa kama mpiga tarumbeta. Kliniki wanasema anakua vizuri. Mama yake bado anakunywa dawa.

Mama, hapa ndipo nilipotaka kumalizia. Nilikuwa nimekwisha andika salamu. Ningefunga barua, nawe ungeisoma ukasema mwanangu ana moyo, ameokoa mtoto wa watu. Nimezikata zile salamu. Kuna mahali nimeruka, na sasa narudi kupajaza.

Kitinda alipokaa kwenye kigoda akaniuliza siku ya kwanza nilifanyaje, nilimwambia alale kwa sababu sikuwa na jibu. Sijawahi kuacha dawa, Mama. Unga niliacha, hilo ni kweli na sijaugusa tena. Lakini methadoni nainywa mpaka leo. Nimeinywa leo asubuhi kabla ya kuja kukaa kwenye kochi hili.

Unakumbuka ulipokuja kututembelea, ukawa unanitania kwamba mkate wa huku unapikwa mbali, maana nikitoka kuununua sirudi upesi? Duka la mkate liko mkabala na mlango wetu. Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki. Nilirudi na mkate mkononi, ukanimiminia chai, nami nikacheka utani wako.

Na huyo mumeo, unayemtaja mbele ya kina mama wenzako kila mnapokutana, mtoto mzima kama chungwa wa mwanamke aliyeacha kila kitu, nilimbeba tumboni nikiwa nakunywa dawa siku zote mpaka siku ya kujifungua. Kliniki walinipandishia kipimo kama walivyompandishia Kitinda. Alipozaliwa alitetemeka. Nilikwambia amebaki hospitali kwa sababu ya manjano. Hakuwa na manjano. Alikuwa kwenye chumba kama hicho cha mwanga mdogo, na mkweo alikaa ukutani na rangi kwenye kucha akiogopa kumshika. Ulipofika tulikuwa tumetoka. Ulimfungua nguo ukamkagua kidole kwa kidole, ukasema hana kasoro. Ulisema kweli. Hana. Mimi ndiye nilishindwa kukwambia amefikaje hapo.

Kwa hiyo miayo ya Kitinda niliijua tangu wa kwanza. Hakuna mtu aliyepita huko asiyeijua. Nilipoandika kwamba nilidhani ni uchovu wa safari, nilikuwa nakudanganya ndani ya barua ya kutubu. Nilijua ni arosto, nilijua ana mimba, na kwa miaka nimesikia pale dirishani hatari ya kuacha ghafla. Lakini nilifikiri kwamba nikimwambia "rudi kwenye dawa" ataniuliza nimejuaje, na jibu litapanda basi mpaka kwa muuza maziwa na kwako. Nikamchemshia tangawizi. Asubuhi nikamwacha na ndoo, nikaenda kunywa yangu, nikarudi mwili umetulia, nikamfuta jasho. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, wala si kwenye dawa. Mtu mwenye kiu anakuomba maji, nawe umeificha glasi nyuma ya mgongo ungali unameza.

Sijamaliza. Nilisema nitaeleza tulivyofika kliniki. Siku ile ya pikapu, mzee aliuliza twende wapi, nikamwelekeza hospitali kubwa ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayenijua. Barabara ya kwenda huko inapita mbele ya kliniki. Tuliliona geti, Mama. Tukalipita. Kitinda alikuwa amelala juu ya sponji, kichwa mapajani pangu, alisoma kibao akaniambia, "Dada, si hapa wanatoa dawa?" Nikamwambia tunakokwenda kuna madaktari wazuri zaidi. Tumbo likakaza tena, akaniuma mkono ili asipige kelele. Foleni ya magari ikatushika mbele, hatusogei. Hapo ndipo nikapiga paa la pikapu kwa ngumi nikamwambia mzee ageuze. Mzee aligeuza katikati ya barabara huku magari yanatutukana. Sijui kama foleni ingekuwa haipo ningepiga lile paa.

Tulipoingia, kijana mgawa dawa alinyoosha shingo dirishani akasema kwa furaha yake ya kila siku, "Dada wa makochi! Umesahau nini tena? Si umekunywa asubuhi?"

Kitinda alikuwa ameniegemea. Alijitoa begani pangu, akasimama kwa miguu yake, na maumivu yale yale. Akanitazama usoni. Akasema, "Kumbe mkate."

Basi. Alipolazwa, nilipokwenda kumwona na yeye anamchekesha jirani yake wa kitanda, aligeukia ukutani nilipokaribia. Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia, "Uliniona sakafuni. Uliniona, dada, ukaniuliza kama sukari imetosha." Nikainama kumnyooshea shuka. Ungenijibia nini, hata wewe?

Nyumbani kwangu aliendelea kukaa kwa kuwa hakuwa na pengine. Asubuhi tulikwenda kliniki pamoja, hatua mbili tatu kati yetu. Siku mtoto wake alipoanza kutetemeka ndipo alipoita jina langu tena. Nilimwonyesha kumfunga nguo mikono ikiwa kifuani, kutomrusharusha, kuzima taa, kuimba chini chini bila kubadilisha sauti. Nilimwambia wa kwangu alikuwa hivi na leo ananisahihisha herufi. Aliniuliza wa kwangu alituliaje, nikamweleza yote, na ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu asiye mume wangu. Hajaniambia amenisamehe. Hunipa mtoto nimshike anapokwenda kuoga, na hilo silidharau.

Utaniuliza kwa nini nilikuficha. Siku ile niliyokupigia nikakwambia nimeacha unga, ulilia kwa furaha, halafu ukauliza kama pia nimeachana na dawa za kliniki, maana, ulisema, mtu anayehama chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba inayoungua bado yumo motoni. Nilisikia furaha yako imesimama mlangoni inangoja jibu. Nikasema, "Ndiyo, Mama, na hizo nimeacha." Lilikuwa neno dogo. Sikujua utalibeba uende nalo kwa watu, na kwamba watu watalibeba kwa watoto wao. Mkweo alijua kila kitu tangu hajanioa, na amenisihi mara nyingi nikwambie. Yeye ana pumu, kifaa chake hukiweka mfuko wa shati watu wakakiona, akasema hajui kwa nini mimi nanong'ona. Nilimjibu kwamba pumu haijawahi kuiba televisheni ya mama yake.

Kosa si lako. Ulisema ulichoambiwa, na aliyekwambia ni mimi. Lakini wiki iliyopita ulinieleza kwa furaha kwamba kikundi chenu kimekuomba usimame uzungumze juu yangu, na kwamba kuna mama wengine wawili wanaotaka kuwatoa watoto wao kliniki wawalete kwako uwape moyo. Mmoja ulisema bintiye naye ni mjamzito. Tangu hapo silali. Nakuomba, Mama, usisimame. Au simama, useme kweli. Jina langu usilifiche. Waambie mwanao anakunywa dawa, anafanya kazi ya kushona makochi, analipa kodi ya nyumba, ana mtoto anayeandika herufi. Waambie wasimtoe mtoto yeyote kwenye dawa kwa maneno ya jirani. Akitaka kupunguza, na apunguze na daktari wake, taratibu, wakati wake ukifika. Na mwenye mimba asithubutu kuacha peke yake. Mimi mwenyewe daktari ameniambia hakuna tuzo ya kuwahi. Huenda siku moja nitapunguza. Huenda nisipunguze. Kwa sasa dawa hii inanifanya niwe mtu unayemjua.

Kitinda amekubali nikuandikie yote yake, naye anamwandikia mama yake leo jioni. Anaomba uende ukae na muuza maziwa wakati anasoma. Anasema mama yake ana tabia ya kuinuka katikati ya habari mbaya kwenda kuchota maji, kwa hiyo umkalishe. Habari yenyewe si mbaya. Bintiye mzima, mjukuu mzima.

Sikuombi uone fahari. Ile fahari uliyokuwa nayo sikuistahili, na kuirudisha kunaniuma kuliko nilivyodhani. Ukikasirika, kasirika, nimeandaa masikio. Ukitaka kukaa kimya kwa muda, kaa, nitaelewa, ila usimnyime mtoto sauti yako, yeye hana hatia.

Msalimie sana baba mdogo. Wasalimie majirani kwa kadiri utakavyoona inafaa baada ya haya. Mkweo anakusalimu, anasema goti uliweke juu ya mto ukilala. Kitinda anakusalimu, na ameongeza kwa mdomo wake kwamba hakukasirikii wewe.

Na ukipata moyo wa kunipigia, piga saa yoyote. Zamani nilikwambia asubuhi usinipigie, kazini hawataki simu. Asubuhi ndiyo unipigie. Nitakuwa nimesimama kwenye foleni ya dirisha, na ukiniuliza niko wapi, nitakwambia.

Ni mimi mwanao,
fundi wa makochi.